Kabati la Milango Mitatu

Miye karani wa mizani, kituo cha karafuu, Wete.
Gunia likisema uongo mimi ndiye nilisikiaye:
makonyo yaliyofichwa katikati, unyevu wa juzi,
jiwe la kusindikizia.
Basi harusi yangu ilipowadia
sikuona kwa nini vyombo vyangu visipande kama magunia.

"Kupima vyombo vya harusi!" Shangazi Mize akashika kichwa.
"Na wewe je, utapandishwa?"
Nikapanda. Hamsini na nane, na viatu.

Asaa kaja na Suzuki yake, fupi, mabega membamba,
ina kikohozi cha asubuhi kisichopona,
na nyuma yake tela la kuazima,
kazi ya Shaame Kombo, ekseli ya lori lililofia Mkoani.
Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani
lakini tarakimu ni tarakimu:
tela lisilo na breki, kilo mia tano, basi.

Tukaanza na tela lenyewe, tupu.
Watu husahau kuwa kibebacho nacho hubebwa.
Mia mbili na themanini
kabla halijatuliwa hata ungo.

Kitanda cha mvule, tisini.
Godoro, thelathini.
Masufuria, mbuzi ya kukunia nazi,
seti ya vikombe ambavyo hatavinywea mtu,
sabini na tano.
Kabati la milango mitatu, na kioo chake,
mia moja na arobaini.
Nikajumlisha kwa penseli nyuma ya stakabadhi:
mia sita na kumi na tano.

"Litavuta," kasema Asaa.
Uwanja mzima wa wanaume ukasema litavuta.
Mjomba Khatib alikwisha kuona gari dogo kuliko hili
likivuta gari kubwa kuliko lile,
mwaka ambao hakuukumbuka.

Shaame alikuwa kachutama, anapapasa kiungo.
"Kuvuta litavuta. Hata siafu huvuta.
Niulizeni litasimama wapi."

Hapana aliyemuuliza.
Akaniomba ile mizani ndogo, akaiweka chini ya ulimi wa tela,
na kabati limekaa nyuma kabisa, linatazama watu.
Kumi na mbili.
"Ulimi mwepesi huu," akasema.
"Mteremkoni mkia utaanza kucheza,
utacheza, utacheza,
kisha tela ndilo litakaloongoza
na gari litafuata."
Sikumtazama shangazi.
"Ukizidi uzito nao, gari litainua pua,
usukani ubaki unapapasa hewa."

"Kabati ndilo litakaloonekana!" shangazi kalia.
"Watu wa Kengeja watasema tumemtoa mtoto na masufuria!"

Asaa alipiga gurudumu teke dogo. Akalipiga tena.
Mimi nilishika penseli yangu, nikangoja,
kama ningojavyo sindano ya mizani itulie
na mwenye gunia ameshaanza kuapa.
Akavua kofia, akaiweka juu ya boneti.
Akainama upande mmoja wa kabati.
"Shika huko," akaniambia.

Posa ilikuwa imeletwa zamani, na barua, na wazee,
na shilingi zilizofungwa kwenye leso.
Mimi huihesabu kuanzia hapo.

Masufuria tukayasogeza mbele ya ekseli,
kitanda tukakilaza, tukakifunga kamba mara tatu.
Ulimi ukasoma arobaini na nane.
Jumla mia nne sabini na tano,
na Shaame akacheka peke yake, akapangusa mikono.

Tukashuka kilima cha kwanza kwa gia ya pili.
Nyuma yetu watu wa harusi wanapiga honi, wana haraka.
Asaa hakuzungumza.
Mimi nilitazama kioo cha pembeni njia nzima:
tela limenyooka, kikombe kimoja kinagongana na mwenzake.

Kabati lingali barazani kwa Shangazi Mize.
Safari ya pili tuliahidi wiki ile,
kisha karafuu zikaiva, kisha mvua, kisha tela likarudi kwa mwenyewe.
Kuku ametagia kwenye saraka ya chini.
Kila nikienda shangazi hunifungulia mlango wa katikati
nijione kiooni, nione nilichokiacha.

Asaa huuliza, tukalichukue?
Namwambia ngoja.
Suzuki imezeeka,
na sasa tuna mtoto, kilo tisa na nusu,
nimempima mwenyewe,
na nepi.