Kopo Lisilo na Jina

Manyoni, mwezi wa tisa. Alfajiri,
kabla bati halijaanza kulia kwa joto,
nimefunga dirisha, nimezima feni:
pumzi moja tu ya upepo, na mizani husema uongo.

Mezani maganda ishirini ya shaba,
marefu kuliko kidole changu cha kati,
yameoshwa, yameanikwa, fataki zimekaa.
Kibali cha baba kimetundikwa ukutani; changu kiko chini yake.
Makopo matatu ya baruti.

La kwanza ni ya mbio. Vibapa vidogo,
vizuri kwa ganda fupi.
Kwenye magnamu hii ingewaka yote
kabla risasi haijajua inakwenda wapi,
na bolti ingekurudia usoni.

La pili ni ya pole. Vijiti vyeusi,
ukivimimina vinanong'ona kama uwele kwenye ungo.
Hii haipigi kofi, inasukuma;
huisindikiza risasi hadi mdomo wa mtutu
kama mgeni anavyosindikizwa mpaka njia panda.
Na jua la huku haliipandishi kichwa:
niliijaribu masika, nikaijaribu kiangazi,
matundu yakakaa palepale kwenye karatasi.

La tatu ni la marehemu baba.
Lebo imeliwa na mchwa. Imebaki namba nne,
halafu doa, halafu alama ya kidole chake.

Kaka Chidumo, aendaye Rungwa na wageni kesho,
ameegemea mlango, mswaki mdomoni:
"Si ileile ya pole, Mbeleje? Tazama, vijiti vilevile.
Changanya tu. Baruti ni ghali."

Rangi ni ileile. Harufu pia.
Lakini jicho halisomi kasi,
na nyati aliyejeruhiwa haulizi
nani alibana matumizi.

Nalitoa kopo uani.
Baba mwenyewe alinifundisha: baruti usiyoijua
ni mbolea.
Naitawanya kwenye tuta la matembele,
kidogo kidogo, mkono ukitetemeka
kuliko siku ile tulipotupa udongo kaburini.
Kopo silitupi.

Narudi. Naosha mikono, nakausha.
Kijiko, faneli, mizani.
Sindano inapanda, inasita, inapita mstari.
Kijiti kimoja kimezidi.
Nakitoa kwa kibano.

"Kimoja tu?" Chidumo anacheka, povu kidevuni.

Ganda la kwanza.
Bado kumi na tisa, na jua limeshafika kwenye bati.