Vidole Vitatu

Mkono wangu waujua mundu.
Una mpini wa mti, una meno yaliyolika,
na jioni nikitoka mpungani nauchomeka darini
mtoto asiufikie.

Wa Ammini hauna mpini.
Umo damuni, chembe kwa chembe zimejipinda,
zanasa kwenye mishipa kama takataka mferejini,
na dari ya kuuchomeka sijaiona.

Zamani (mwaka juzi nauita zamani)
tulishuka hadi Kozhikode. Kona tisa za mlima,
Ammini akitapika ya tatu na ya saba,
mimi nikihesabu: kibarua cha leo kimekwenda,
cha kesho kimekwenda, nauli, sahani ya wali.
Benchi la hospitali lilishajua makalio yangu.
Daktari alikuwa na dakika nne za kutupa,
wala si kosa lake; foleni ilifika kwenye lifti.

Siku hizi tunapanda.
Juu ya shamba la kahawa la tajiri pana jiwe,
na mtandao hukaa pale tu,
kama kenge anayeota jua.
Leela, mhudumu wa afya, hubeba simu
ndani ya plastiki, ndani ya blauzi.
Mvua ya Karkidakam. Ruba vifundoni.
"Ndovu walipita jana," anasema, "tembeeni kwa kelele,"
na Ammini, miaka sita, anapiga mayowe
jedwali la tatu: tatu mara nne, kumi na mbili!

Daktari Shahana hutokea vipande vipande:
paji, kisha mdomo, kisha sauti iliyochelewa.
Vuta kope chini. Msogeze kwenye mwanga.
Vidonge, umemkosesha siku ngapi?
Nikasema mbili.
Kule mezani kwake ningesema hata moja hakukosa.

Kisha: "Mama, mlaze. Vidole vitatu
chini ya ubavu wa kushoto. Bonyeza polepole.
Mwambie avute pumzi.
Leo vidole vyako ndivyo vyangu."

Nikabonyeza.
Kitu kigumu kikaja kunigusa.
"Wengu hilo," akasema. "Jana lilikuwa hivyo?"
Jana sikujua kama lina jina.

Picha ikaganda, kinywa wazi.
Sauti ikaja bila uso: shukeni leo,
msingoje kukuche, naagiza gari, damu itakuwa tayari.
Simu haina damu ya kumtia mtoto.
Ilichokuwa nacho ni saa sita
kabla ya giza, kabla ya ndovu.

Sasa kila jioni nanawa mikono, namlaza.
Tumboni kuna mstari wa kalamu ya Leela:
likivuka hapa, kimbia.
Ammini hucheka, adhani namtekenya.

Lipo swali moja sijamuuliza daktari.
Nalitunza, hadi siku
mtandao utakapokaa vizuri,
na Ammini awe mbali kidogo, akichuma maua.