Nusu Kilo

Kitabu nilikikuta kando ya barabara, nyuma ya soko la Nakuru,
kimelaliwa na vitabu vya hesabu vya darasa la saba.
Jalada hakuna. Shilingi hamsini, na mwuzaji akanipunguzia kumi
kwa kuwa panya walikwisha kuonja sura ya kwanza.

Basi nikaanzia ya pili, zamu ya usiku,
tochi kwapani, lango la kiwanda cha mikate limefungwa,
nikaingia mji ambako watu hulipa kodi kwa vivuli:
kila Ijumaa karani hukata kipande, hukiweka kwenye mizani,
na maskini hutembea juani
bila chochote cha kuwafuata.

Nilicheka. Kisha nikageuza tochi, nikatazama ukuta:
bado nilikuwa nacho, kirefu, na kofia yake na rungu lake.

Katika mji huo mlima hushuka usiku kunywa maji ziwani,
wenyeji huacha milango wazi usije ukagonga.
Na mizani, hapa ndipo usingizi uliponitoroka,
mizani yenyewe hujifunza kusema uongo kwa huruma.
Akija mama mmoja mchechemeavu, kitambaa cha manjano kichwani,
kivuli chake chembamba huonekana kizito,
hata hurudishiwa chenji.

Nani aliyaota haya?
Ukurasa wa mwisho: R. Jebiwott, Nakuru. Basi.

Okware, yule mwuza vitabu, alimkumbuka.
Karani wa pareto, sweta la kijivu mwaka mzima,
akizunguka vituo vya Molo na mizani yake,
akiandika nyuma ya karatasi zilizoharibika.
Pesa ya kiinua mgongo ikachapa nakala mia mbili.
Akagawa chache, akafa,
zilizobaki zikafungia watu maandazi.
"Walisema kichwa kimemruka.
Mimi nilikisoma mara mbili, sikusema kitu."

Jumapili nikapanda nyumbani, Molo.
Mkebe wa Kimbo wa marehemu mama ungali juu ya kabati,
ndani yake stakabadhi za miaka kumi na mmoja,
zimekauka kama maua yenyewe.
Kilo nne na nusu. Sita na nusu.
Tatu na nusu, mwaka ule wa ukame.
Kila mara ile nusu, na chini yake, kwa wino wa buluu,
R.J.

Mama alichechemea, hilo halina ubishi.
Kitambaa chake sikumbuki vizuri.
Dada yangu anasema kilikuwa kijani.
Mimi nimeshaamua.