Kumbukumbu za Kikao, Kibirizi

Agenda ya kwanza: laki nne na nusu.
Agenda ya pili: hazitoshi.
Tumekaa darasa la tano, magoti yakigota mbao za madawati,
mimi Bitaho, katibu, kalamu ya kuazima,
na ufa wa tetemeko la Jumanne ile
umeshuka ukutani kutoka kwenye ramani ya Afrika
hadi kiti cha mwenyekiti.

Ruhwanya anataka fulana. Mbele maandishi, nyuma maandishi.
Mtendaji anataka king'ora.
"Na umeme ukikatika?" akauliza mtu wa nyuma;
king'ora kikafa kabla hakijalia.
Mwingine akasema hapa hatuna mlima wa moto,
tuna ziwa tu, na ziwa tunalijua.
Nikaandika: ziwa tunalijua.
Nje, ziwa lilikuwa limezikalia chanja za dagaa
tangu masika ya mwaka juzi.

Ndipo Nzigire akasimama, yule muuza vitenge
aliyeshuka bandarini na cherehani isiyo na mguu.
Goma, alisema, mlima ulipopasuka
kukimbia tulijua. Kukimbia hakufundishwi.
Hatukujua wapi.
Kuinama tulijua: ardhi ikitikisika, inama, mwalimu alisema.
Hakusema kuna mazuku, pumzi ya chini ya ardhi,
haina rangi, haina harufu,
hulala mabondeni kama mbwa aliyeshiba,
na mtoto anayeinama humo
huinama moja kwa moja.
Wangu alikuwa na miaka sita. Alikuwa msikivu.

Neno hilo sikujua niliweke safu gani.

"Sasa mnauliza nini kianze.
Kianze kinachoua kwanza.
Halafu nani hawezi kutembea.
Fulana zitafuata, kama migongo ya kuzivaa itakuwepo."

Jumamosi, saa nane usiku, bila tochi,
tulimbeba Bibi Kafuye kwenye kiti cha plastiki
kutoka ufukweni, tukavuka reli,
mpaka uwanja wa shule kilimani.
Dakika hamsini na tatu.
Kumi na moja zilitupotea kwenye kalavati
tunalolipita kila siku tukisalimiana.
Kiti kilivunjika mguu. Bibi alicheka,
kisha akatutukana kwa Kiha safi,
mmoja mmoja, kwa majina ya baba zetu.

Juu, tukihema, nikawasha simu niandike.
Kipaumbele namba moja: kalavati.
Mbili: kiti chenye miguu ya chuma.
Tatu —
mjukuu wake, Chubwa, akanivuta shati:
"Mwalimu, mbuzi tumemfungia ndani.
Nani anarudi?"

Watu wazima tukatazamana gizani.
Ziwa halikuonekana kule chini,
lilisikika tu, likilamba kitu.

Tatu nimeiacha wazi.
Kikao kijacho ni Alhamisi, saa kumi.
Mwenye jibu aje mapema.