Taa Nyekundu, Barabara ya Kaamanen

Iliwaka bila kelele. Kisanduku chekundu,
alama ya kujumlisha upande mmoja, ya kutoa upande wa pili,
kama hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza
aliyeitwa kula kabla hajaimaliza.

Saa tisa alasiri, na giza lilikwisha kuwa giza.
Digrii thelathini na moja chini ya sufuri.
Nyuma yangu Karigasniemi, mbele yangu Kaamanen,
kilomita arobaini za misonobari iliyobebeshwa theluji
na hakuna dirisha hata moja lenye mwanga.

Marehemu Urpo, aliyeyajua magari
kuliko alivyonijua mimi, alizoea kusema:
Tellervo, wanaiita taa ya betri, lakini usiisingizie betri.
Betri ni mtungi tu. Aliyeacha kuteka maji ni mwingine.
Altaneta imelala, au mkanda unateleza,
nawe unakunywa kilichobaki mtungini.

Kwa hiyo usizime injini.
Ukizima, stata itakudai deni
usiloweza kulilipa.

Nikaupima usukani: mwepesi bado.
Nikautazama mshale wa joto: umetulia.
Basi mkanda haujakatika. Ungekatika,
usukani ungegoma kama punda, maji yangechemka,
nami ningesimama palepale, nipende nisipende.

Nikaanza kubana matumizi.
Redio: mtangazaji alikuwa bado na bei za samaki,
nikamkata kauli.
Kiti chenye joto: mgongo utavumilia.
Simu nikaing'oa kwenye chaja.
Nyaya za kioo cha nyuma nikazizima pia,
sikuwa na haja ya kutazama nilikotoka.
Taa za mbele nikaziacha, maana kulungu
husimama barabarani kulamba chumvi,
na kulungu hajui habari za altaneta.

Ikabaki feni ya hita.

Hapo mkono ulisita.
Kwenye kiti cha abiria palikuwa na boksi la zahanati,
kifuniko kimepasuka tangu wiki iliyopita,
ndani yake chupa kumi na moja za damu.
Ya mzee Aslak, anayeniuliza kila mwezi
kama bado ni nyekundu. Ya binti wa Inga-Maret,
mwenye mimba changa, aliyegeuza uso
nilipochoma sindano.
Damu ikishakuwa barafu, daktari haisomi tena.

Nikafungua koti, kisha sweta, kisha shati,
nikazipanga kifuani moja moja,
baridi kama pua za mbwa.
Nikafunga. Nikazima feni.

Pumzi yangu ikaota ukungu kiooni, ukungu ukaganda.
Nikaukwangua kwa kadi ya benki
hadi nikapata tundu la ukubwa wa sahani,
nikaendesha dunia ya ukubwa wa sahani.
Taa za mbele zikawa rangi ya siagi,
kisha rangi ya chai,
kisha chai iliyosahauliwa mezani.
Sikuomba. Nilihesabu nguzo za theluji
na kila mara nilipopoteza hesabu nilianza na moja.

Gereji ya Niillas ina mlango wa kijani.
Alitoka na tochi mdomoni, akaigonga boneti.
“Zima.”
“Siwezi.”
“Zima, mama. Umefika.”
Mkono ulikataa, kama mtu aliyening'inia kwenye kamba
anapoambiwa chini pana futi moja tu.
Nikazima. Kimya kilikuja kizima kizima.

Brashi zimelika zote, alisema akiwa ameinama.
Altaneta kama hii anayo Ivalo kwa shemeji yake,
labda kesho, labda keshokutwa,
lakini gari lake lenyewe liko kwenye plagi, lina joto,
na hospitali haijafungwa.
Kisha akanitazama nikishuka.
“Mbona unatembea umejikunyata?”
“Nimebeba watu kumi na mmoja.”

Hakucheka.
Alivuta kiti, akaniwekea
si karibu sana na jiko.