Nusu ya Chumba ni ya Jiwe

Mwatumu, umetaka nikujibu kwa kifupi:
ufunge virago uje, au ubaki Tandika?
Kifupi sikijui mimi. Kaa.

Nimepanga Igogo, juu, pale ngazi zinapoishia
na miguu inaendelea yenyewe kwa mazoea.
Ukuta wa nyuma si ukuta, ni jiwe,
jiwe lililokuwapo kabla ya nyumba, kabla ya njia;
fundi alilizungushia tofali, akapaua, akaliacha ndani.
Mama Nkwimba mwenye nyumba hakunificha:
"Kodi nakupunguzia. Nusu ya chumba ni ya jiwe."

Mchana jua linalipika. Usiku linanirudishia joto lote
kama mdeni mwaminifu asiyejua saa za kubisha hodi.
Nalala mkekani, mlangoni.
Lakini mlango huo, Mwatumu!
Ziwa limejilaza pale, halina ng'ambo,
meli ya Ukerewe inatoka, ndogo kama punje ya uwele,
na mimi nimesimama na ndoo tupu.
Ndiyo. Maji nayaona yote, ya kupikia nayanunua,
mia tano ndoo, na kijana akipanda amechoka, mia saba.
Usinicheke. Nimeshajicheka.

Kazi ipo.
Kariakoo tulikuwa mafundi miwani kumi na mmoja
kwenye uchochoro mmoja, tunagombania pua za watu.
Hapa Makoroboi nina meza, mwavuli, bisibisi tatu,
na wiki ya pili tu mwalimu mmoja wa Nyegezi
akaniletea wenzake wanne, wote hawaoni ubao.
Ila kioo kikivunjika, kingine kinatoka hukohuko nilikokukimbia,
kwa basi, siku mbili, tatu,
na mteja anapapasa hewa akinitaja.

Saa kumi na mbili jioni nimeshafika nyumbani.
Umesikia? Nimefika. Nimekula. Jua bado liko juu ya maji.
Jioni za huku ni ndefu, sikujua nizifanyie nini.
Mwezi wa kwanza nilizilia.

Kisha, hapa hujifichi.
Mji huu una ukubwa wa kukupotezea kiatu,
hauna ukubwa wa kukupotezea jina.
Jumatatu nilikopa dagaa kule Mwaloni;
Jumatano muuza mkaa wa Mabatini ananiuliza,
"Fundi, lile deni vipi?"
Nikakohoa usiku mmoja, asubuhi Kabula wa nyumba ya chini
kapanda na uji wa ulezi, hata sijamwita.
Ni mdomo uleule, mdogo wangu.
Uliotangaza deni ndio uliotangaza kikohozi.
Nimejaribu kuupasua nichukue upande mmoja.
Haupasuki.

"Mwangaluka," wananiamkia. Najibu, wanacheka.
Mwaka wa pili huu, bado mimi ni yule wa Pwani.
Naogelea maji yasiyo na chumvi, natoka
nahisi kama sijaoga.

Na Mama alipolazwa, nilifika siku ya tatu.
Hilo siliweki upande wowote wa mizani.
Linakaa lilipo.

Juzi ilinyesha kutwa, jiwe likapoa.
Nililiegemea mgongo mzima, nikashona mkanda wa mkoba,
radio ya jirani inasoma bei za pamba.
Mama Nkwimba akachungulia: kuna chumba chini,
kizima, kuta nne za watu, kodi kamili, nakitaka?
Nikamwambia nitafikiri.
Sijamwambia kwamba kwenye ufa wa jiwe
nimeshapachika ubao, nimepanga fremu zangu zote,
na kila nikiwasha taa
macho sitini yananitazama.

Basi uje? Mimi nitajuaje.
Uje, usije, nipelekee kwa basi la Ijumaa
lenzi za mbili na nusu, jozi kumi na mbili,
na ile kanga ya Mama, ya bluu,
usiifue.