Kosa la Miaka Kumi na Miwili

Shangazi Mzekala alikuwa na vidole saba vya miguu.
Vitatu vililiwa na baridi huko Svaneti ya juu,
kwenye kilele ambacho ramani ya jeshi ilikipa namba tu,
na sisi wa bondeni tulikiita Jino la Bibi.

Alikipanda mara nne. Mara ya tano, Agosti ya themanini na saba,
walipanda wawili, akashuka mmoja,
kamba imekatika mita sita kutoka kiunoni mwake.
Kuteleza si kuanguka, husemwa.
Husemwa na watu waliosimama kwenye udongo.

Mama yake Jokia hakumlaumu.
Alimpa mkate wa nyama, akamkalisha karibu na jiko,
akauliza mara moja tu: "Yuko wapi?"
Na shangazi, aliyeujua kila ufa wa mlima ule,
hakuwa na pa kuelekeza kidole.

Basi akaenda Tbilisi.
Miaka thelathini na miwili, anachechemea,
akaketi darasani na watoto wa juzi
kujifunza upya neno mteremko,
neno kimo, neno mmomonyoko.
Njumu zake aliziuza, akanunua darubini ya kupimia.
Majira ya bunduki, umeme ulipokatika jiji zima,
alichora kontua kwa mshumaa, glavu mkononi.

Tulidhani ameiacha milima.

Kila Septemba alirudi. Nilikuwa na miaka tisa
aliponikabidhi fimbo ya rangi mbili:
"Natela, simama pale ulimi wa barafu unapoishia.
Inyooshe. Hapana. Inyooshe."
Kisha kopo la rangi nyekundu, na mwaka juu ya jabali:
95. 96. 97.
Jabali hadi jabali, namba zikilipanda bonde
kama ng'ombe wanaofuata majani.

Chuoni alikuwa mkali. Aliyethubutu kusema
milima haikutani
aliambiwa: inasogeleana,
milimita chache kwa mwaka. Una haraka gani?

Daftari lake nililifungua nikitafuta kiberiti.
Kasi ya barafu juu, kasi ya barafu chini,
unene, mwinamo, kurasa arobaini za hesabu safi,
na pembeni, kwa penseli, duara dogo:
J. 2031. Ukingo wa kushoto.
Nikalifunga. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu.

Alikuja 2019. Ukingo wa kushoto.
Mchunga kondoo ndiye aliyeliona koti,
buluu kabisa, kama limetoka dukani jana.
Shangazi alipanda siku hiyohiyo kwa vidole vyake saba,
akapiga magoti kwenye tope, akagusa fundo
alilolifunga mwenyewe asubuhi ile.
"Nimekosea," akasema, "miaka kumi na miwili.
Inayeyuka kuliko nilivyoipigia hesabu."
Sikujua anamwambia nani.

Mama yake Jokia alikuwa na miaka tisini na mmoja.
Wakatoka pamoja hadi kizingitini, mkono kwa mkono,
na shangazi akaelekeza kidole.

Septemba ile tulipima kama kawaida.
Niliinyoosha fimbo bila kuambiwa.
Penye ulimi hapakuwa na jabali tena,
kokoto tu, na maji yakipita katikati yake,
naye amesimama na brashi inayodondoka rangi,
anatafuta pa kuandika.